Sanamu ya Ghalani na Ngoma za Nyakach

Mwaka 2017, mtunzi wa dansi Faustin Linyekula wa Kongo alitayarisha onyesho katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Katika ghala la makumbusho hayo alikuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Akafunga safari hadi Banataba, kijiji cha ukoo wa mama yake, na jina la kijiji likawa jina la onyesho. Alilicheza pamoja na Moya Michael wa Afrika Kusini, mle mle katika kumbi za makumbusho.

Linyekula si mgeni kwetu Kenya. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, akaanzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Kundi hilo lilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa dansi ya kisasa nchini Kenya. Baadaye alirudi kwao, na kundi lake la Studios Kabako likaweka makao Kisangani.

Nayaleta haya Sondu, pale Waluo wa Nyakach wanapokutana sokoni na Wakipsigis, kwa sababu ghala kama lile la New York lipo pia la Waluo. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipiga picha nyingi Nyanza, na sasa zimo katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, pamoja na za afisa wa kikoloni Charles Hobley zilizotangulia. Mwaka 2007 nakala za baadhi yake zilipelekwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikatundikwa katika maboma ya watu ili wazao wawatazame wazee wao.

Kwa mtunzi wa ngoma, picha kama hizo ni mali. Chukua chieno, mkia wa nyuzi uliovaliwa kiunoni, kwa nyuma, na mwanamke aliyeolewa. Kwenye dodo, ngoma ya wanawake, mabega na kiuno ndivyo vinavyosema, na mkia huo huitikia kila mtikisiko. Ukiufupisha, au ukiushona kwa kitambaa chepesi, mwendo wenyewe unabadilika. Vivyo hivyo taji la manyoya ya mbuni: aliyelivaa hawezi kuinama ovyo, shingo inamlazimu kutulia huku miguu ikipiga njuga. Katika tero buru, wanaume wanapoifukuza roho ya kifo mzee anapofariki, kwa mikuki, ngao na ng'ombe, udongo uliopakwa usoni humwonyesha mtazamaji aelekeze macho wapi.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huwafanya walimu wengi kutunga ngoma za jadi kila mwaka. Mara nyingi mavazi hufuata ya kundi lililoshinda mwaka uliopita, na hapo ndipo ngoma za jamii mbalimbali zinapoanza kufanana. Mwalimu wa Sondu angefanya vyema kuanzia kwenye picha: azichapishe, awapelekee akina nyanya wa Nyakach, awaulize mguu upi hutangulia na nani husimama mwanzo wa mstari, kisha ndipo ampigie simu fundi cherehani.