Uhamiaji haramu Kagerankanda
Kagerankanda, eneo la msitu na mashamba wilayani Kasulu, Kigoma, huvuta Warundi wanaovuka mpaka bila vibali kutafuta vibarua. Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi vinasikilizana mno, hivyo lugha haimfichui mgeni. Ugumu hujitokeza kwenye uandikishaji wa wapiga kura, haki ya raia pekee, waliotimiza miaka 18 au watakaoitimiza kufikia siku ya uchaguzi: Muha mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka naye hutiliwa shaka. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, dhidi ya wahamiaji haramu, iliondoa maelfu ya watu Kigoma, Kagera na Geita, wakiwamo waliokwisha kuzaa na kuzeeka nchini. Nao uboreshaji wa daftari la wapiga kura, ambako shaka hiyo ya uraia hujitokeza, ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024. Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996, si wahamiaji haramu, ingawa mjini Kasulu tofauti hiyo husahauliwa upesi.