Mdundo, Pigo na Mshindo: Funzo la Kinuni Singida

Miaka kadhaa iliyopita nilifasiri shairi la kigeni ambamo neno moja lilirejea mara nne. Mara ya kwanza lilihusu ngoma, mara ya pili moyo, mara ya tatu mvua juu ya bati, na mara ya nne nyayo za watu wanaochukua jeneza. Nami, kwa uvivu nilioudhania kuwa ni uaminifu, nikaandika "mdundo" mara zote nne. Kazi ikachapishwa, wala hapana aliyenilaumu. Lakini kila nilipoisoma kwa sauti nilihisi kuwa kuna mahali imekufa, nami sikupajua.

Nilipajua Singida. Nilikuwa mgeni katika kijiji cha Wanyaturu, wakati wa mavuno ya mtama na uwele. Uani palikuwa na kinu kimoja na wanawake watatu, kila mmoja na mchi wake. Huu ukishuka, ule wapanda, wa tatu wangojea zamu yake hewani. Nikamwambia mama mwenye nyumba, mtu mzima aliyenizidi kwa miaka mingi, kwamba mdundo wao umenipendeza. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wewe unayekaa hapo unasikia mshindo. Mdundo tunao sisi tulioshika mchi."

Maneno yale yalinirudisha shuleni, mimi ambaye shule yangu ilikuwa kamusi na barazani kwa wazee. Tuyatazame basi.

Kudunda, katika matumizi ya kila siku, ni kuanguka na kurudi juu. Mpira hudunda, jiwe halidundi, hata likianguka kwa kelele namna gani. Kwa hiyo ndani ya mdundo mna marejeo. Mchi hupiga nafaka, kisha mkono huupokea unaporudi, na katika kurudi huko ndimo mtwangaji ajuamo lini ateremshe tena. Pigo ni kitu kingine: ni tendo la mara moja, na ndiyo maana twaita pigo hata msiba unaotushukia bila kutazamiwa. Likijirudia huwa mapigo, kama mapigo ya moyo. Mshindo ni sauti inayomfikia msikilizaji, naye huenda yuko mbali na asimwone apigaye. Na kishindo ndicho twambiwacho kuwa mtu amekuja nacho. Mrindimo ni sauti nzito inayobaki hewani baada ya pigo, ya radi au ya ngoma kubwa. Kupwita ni kwa jipu na kipaji cha uso chenye maumivu, mahali ambapo damu hujigonga ndani ya mwili. Na kupura ni kuyapiga masuke kwa fimbo hata punje zitoke, kazi ambayo watu wengi wakiifanya pamoja hawana budi kupatana zamu.

Aghalabu kamusi zetu huufunga mdundo kwenye ngoma kwanza. Lakini ziulize methali. Ngoma ivumayo haidumu, wamesema wahenga. Na tena, ngoma ikilia sana hupasuka. Huvuma, hulia. Katika methali hizi mbili mashuhuri ngoma haidundi. Wahenga walisema juu ya kile kinachosikika, na kwa hicho walikuwa na vitenzi vyake.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: vipi mama wa Singida awe hakimu wa Kiswahili chetu? Jibu limo katika historia ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ndipo ifike Unyanyembe. Sehemu ya pori hilo leo imo mkoani Singida, pande za Manyoni na Itigi. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Lakini kabla yao na baada yao walilivuka maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Mpagazi aliweza kubeba mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mbele alikwenda kirangozi, na msafara ulikuwa na ngoma na baragumu za kuuamsha, kuuongoza na kuutangaza. Mahali pasipo maji, msafara uliotawanyika ulikuwa hatarini. Kwenda kwa hatua moja hakukuwa pambo. Kulikuwa njia ya kufika.

Lugha yetu ilisafiri kwa miguu hiyo. Haikukuta nchi bubu. Singida na jirani zake ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako jamii za lugha zilizo mbalimbali kabisa huishi karibu karibu: Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo ambazo ni za Kibantu, Kibarabaig cha Waniloti, Kiiraqw cha Wakushi, na Kihadzabe na Kisandawe zenye sauti za kidoko. Wala haikukuta nchi isiyojua ngoma. Kwa Wagogo, ambao makazi yao yanaingia Manyoni, ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wakizibana mapajani. Kiswahili kilipofika hapo kilizungumzwa na watu waliokuwa na masikio yaliyokwisha kufundwa.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Manyoni na Itigi, ukafika Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu katika njia ile ikakoma. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi za Johnson zikatoka mwaka 1939. Ilikuwa heshima kwa visiwa vyetu. Lakini heshima hiyo imetuzoesha kudhani kuwa maneno hutoka huku kwenda bara, wala hayarudi na chochote.

Na lau tungesikiliza vizuri hapa kwetu, tungesikia kilekile. Wanawake wa Unguja waliofukua makumbi yaliyolowekwa katika tope la pwani, wakakaa kuyapiga ili wapate usumba wa kusokota kamba, walikuwa na mdundo mikononi kabla mpita njia hajasikia mshindo. Ng'ambo ya mkondo, Wazaramo wana ngoma ya mdundiko, nayo ni ngoma ya kutembea: huichezi umesimama, waifuata njiani. Hata jina lake lina miguu.

Nayasema haya kwa sababu yanatugusa sisi wapenzi wa mashairi. Twajua kuhesabu mizani: nane ukwapini, nane utaoni, na vina mahali pake. Lakini kila mmoja wetu amewahi kusoma shairi lililotimia mizani yote, nalo likalala kama jiwe. Hesabu yake ni kamili, ila hairudi juu. Mizani huhesabiwa na asomaye. Mdundo huchukuliwa na atungaye, mwilini, kabla hajashika kalamu. Wawe za wakulima na kimai za mabaharia zilipata mwendo wake katika jembe na kasia.

Siku hizi mashine za kusaga ziko vijijini, Singida kama kwingineko, na mikono ya akina mama imepumzika. Sitaki kumrudisha mtu kinuni ili mimi nipate neno. Lakini kazi ikiondoka, msamiati wake hubaki yatima, na neno moja lililo karibu hutwikwa mizigo ya yote. Ndivyo mdundo unavyofanywa leo: wa moyo, wa mvua, wa radi, wa gari bovu, wote mdundo. Neno linalotumika kwa kila kitu hatimaye halituonyeshi kitu.

Niliporudi kisiwani nililitoa lile shairi sandukuni nikalifasiri upya. Ngoma nikaipa mrindimo. Moyo nikauachia mapigo. Mvua juu ya bati, ambayo mtungaji aliisikia kutoka kitandani, nikaiita mshindo. Zikabaki zile nyayo. Nililisoma shairi tena na tena kabla ya kutambua kuwa msemaji hasimami dirishani akitazama maziko yakipita. Bega lake liko chini ya jeneza. Hapo, na hapo tu, nikaandika mdundo.