Spana ya Kipimo Ilianzia Kwenye Mabomba ya Maji

Conrad Bahr alikuwa mtumishi wa idara ya maji ya Jiji la New York, na kilichomkera kazini ni bolti zisizolingana. Kwenye maungio ya mabomba makubwa alikuta bolti za duara moja zimekazwa kila moja kivyake: hii imebanwa kupita kiasi, ya jirani haijashika sawasawa. Ungio la namna hiyo huvuja hata bolti zote zikiwa mpya, kwa sababu gasketi imekandamizwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Bahr alidai kwamba tangu mwaka 1918 alikuwa amebuni kifaa cha kuuzuia mkono wa fundi usipitilize.

Makaratasi ya Marekani yana mpangilio mwingine. Ombi la kwanza la hataza ya spana inayopima nguvu ya kukaza lilipelekwa mwaka 1931 na John H. Sharp, likakubaliwa Juni 1935. Bahr na mwenzake, mhandisi George Pfefferle, walipeleka lao mwaka huohuo wa 1935, wakapata hataza 1937. Sioni sababu ya kumwita Bahr mwongo. Fundi anaweza kutumia kifaa alichojitengenezea kwa miaka mingi bila kuwaza ofisi ya hataza. Kwa mnunuzi wa leo, lenye maana zaidi ni kwamba watu hawa walibuni vitu viwili tofauti, na aina zote mbili bado ziko madukani.

Spana ya Sharp ilikuwa ya kuonyesha: unavuta, nayo inakwambia umefikia wapi. Katika kundi hilo, iliyo rahisi kuliko zote ni ya ufito. Ina fimbo ya chuma inayopinda kidogo unapovuta, na mshale mwembamba usiopinda unaosoma namba karibu na mpini. Robert Hooke alishaeleza mwaka 1678 kwamba chuma hupinda kwa kadiri ya nguvu inayokivuta, na spana hii haihitaji elimu zaidi ya hapo. Haina springi ndani, haina kitu cha kuchakaa. Mshale ukihama kwenye sifuri, unaukunja taratibu kwa vidole mpaka urudi mahali pake.

Ya Bahr na Pfefferle ilikuwa ya kupangwa. Unachagua kiasi, unakaza, na kikifikiwa spana inatoa sauti. Ndiyo babu wa spana za “kaa!” zilizojaa madukani leo, zenye springi ndani ya bomba la mpini. Ni nzuri pale macho yasipofika, kwa mfano chini ya gari, ambako mshale wa ufito hausomeki. Lakini springi huchoka, na hapo ndipo bei ndogo inapoanza kudai uangalizi.

Je, ya bei ndogo inafaa? Kwa gereji ya nyumbani, naam. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu spana za namna hii zikosee kwa asilimia 4 juu au chini, ukiondoa zile ndogo sana. Tuseme yako inakosea kwa asilimia 8, lakini inakosea vilevile kila mara. Nati zote tano za tairi zitakuwa zimelingana, na kutolingana ndiko kulikomsumbua Bahr. Nati zikikazwa ovyo, diski ya breki inaweza kukaa upande, usukani ukatetemeka kila dereva anapokanyaga breki. Mkono mtupu, hata wa fundi mzoefu, hubadilika kwa uchovu, kwa urefu wa spana na kwa namna alivyosimama. Anayepanda kwa miguu juu ya spana ya tairi hajui kabisa ameweka kiasi gani.

Tena kipimo chenyewe ni cha kukadiria. Katika nguvu unayotumia kukaza bolti, takriban sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayobana vyuma. Nyingine zote humezwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi zake. Ukipaka grisi kwenye nyuzi ambazo kitabu cha gari kinataka ziwe kavu, namba ileile itaivuta bolti zaidi ya inavyostahili. Kabla ya kulaumu spana, futa nyuzi.

Angalia pia vipimo vyenyewe. Nati za tairi za Corolla nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 103, na vitabu vya zamani vya Japani huandika 10.5 kwa kilogramu-mita. Kwa pauni-futi ni 76. Atakayesoma 103 upande wa pauni atakaza kupita kiasi kwa zaidi ya theluthi. Nunua yenye kichwa cha nusu inchi inayofika nyutoni-mita 200 hivi, na usiitumie kwa plagi. Namba za chini kabisa za spana yoyote haziaminiki.

Utunzaji hauna gharama. Spana ya springi irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa baada ya kazi, isipitishwe chini ya hapo, kisha ilale kwenye kisanduku chake. Isitumike kufungulia bolti zilizogoma wala isichomekwe bomba la kurefusha mpini. Ikilia mara moja, acha. Wengi huvuta tena “kuhakikisha”, na hapo kipimo kinakuwa kimeshapitwa.

Kuikagua, bana kichwa chake cha mraba kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo. Jaza maji kwenye dumu na ulipime kwenye mizani hadi lifike kilo 20, kisha litundike sentimita 40 kutoka katikati ya kile kichwa. Hapo pana nyutoni-mita 78 na nusu. Panga spana chini kidogo ya hapo, iongeze polepole, uone ni namba gani inaanza kushikilia bila kulia. Tofauti utakayoipata iandike kwa wino kwenye kisanduku.

Bolti za silinda hedi za injini nyingi za sasa zimeipunguzia spana hii kazi. Watengenezaji huagiza kukaza kwanza kwa kipimo kidogo, halafu kuzungusha kwa digrii 90, mara nyingi mara mbili, ili msuguano usiharibu hesabu. Hatua ya kwanza bado inataka spana ya kipimo. Kwa zilizobaki, nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti inatosha kuonyesha imezunguka kiasi gani.