Kutaifisha Mgodi si Kubadili Kazi

Njia kuu za uchumi zinapotoka mikononi mwa mabepari na kuwa mali ya umma, ushindi mkubwa hupatikana. Lakini swali jingine hubaki: mfanyakazi anaporudi kazini kesho yake, ni nani anayeipanga kazi yake, na kwa maarifa ya nani? Historia ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza inatupa fundisho.

Tarehe 1 Januari 1947 serikali ya chama cha Labour, chini ya Clement Attlee, iliikabidhi migodi ya makaa kwa Bodi ya Taifa. Wachimbaji walikuwa wameudai utaifishaji huo kwa miaka mingi. Hata hivyo, chini ya ardhi kazi iliendelea kupangwa kama makampuni yalivyoipanga. Mashine ziliongezwa, lakini tija haikupanda kwa kadiri iyo hiyo, na wengi walikuwa hawafiki kazini.

Jibu rahisi la mrasimu ni kwamba wafanyakazi ni wavivu. Taasisi ya Tavistock ya London, iliyounganisha elimu ya saikolojia, ya matibabu ya akili na ya jamii, ililitafuta jibu mgodini kwenyewe. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth walichapisha uchunguzi wao. Inafaa tukumbuke kwamba Bamforth mwenyewe alikuwa mchimbaji kwa miaka 18 kabla ya kuwa mtafiti.

Waligundua nini? Zamani watu wawili au watatu walishika sehemu yao ya mwamba, wakakata makaa, wakayapakia na kuegemeza dari kwa nguzo. Kila mmoja aliijua kazi nzima, na walichaguana wenyewe. Kisha ukaja mtindo wa ukuta mrefu. Watu wapatao 40 waligawanywa katika zamu tatu kwa siku: zamu moja ikate, ya pili ihamishe mkanda wa kusafirishia, ya tatu ipakie. Kila mtu alipewa kipande kimoja cha kazi na ujira wake wa peke yake. Zamu ya kwanza ikiharibu, adhabu ilimwangukia mpakiaji wa zamu ya tatu, ambaye hakumwona aliyeharibu. Hapo lawama, chuki na utoro vilizaliwa. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa ndani ya roho ya mchimbaji, bali ndani ya mpango wa kazi.

Wapo watakaosema kwamba mashine ndiyo iliyolazimisha mpango huo. Uchunguzi uliofuata huko Durham, uliochapishwa mwaka 1963, uliivunja hoja hiyo. Vikundi viwili vya watu 41 kila kimoja vilifanya kazi katika mwamba mmoja kwa mashine za aina moja. Kimoja kilifuata mgawanyo wa vipande. Katika kingine wachimbaji waligawana zamu na kazi wenyewe, zamu iliyoingia iliendeleza pale ilipoachia iliyotoka, na malipo yaligawanywa kwa wote. Kikundi cha kwanza kilifikia asilimia 78 ya uwezo wa sehemu yake, cha pili asilimia 95. Kutofika kazini kulikuwa asilimia 20 katika cha kwanza na 8.2 katika cha pili.

Matokeo hayo ni dhahiri, lakini mpango wa Durham haukuenezwa katika migodi yote ya Bodi. Kukubali kwamba kikundi cha wachimbaji kinaweza kujipangia kazi ni kukubali kwamba msimamizi wa kuwaamrisha saa zote hahitajiki tena, na kwa mrasimu neno hilo ni chungu. Mwaka 1994 migodi iliyobaki ikauzwa kwa watu binafsi.

Tusidai kwamba migodi iliuzwa kwa sababu hiyo moja. Bei ya mafuta, gesi na siasa za wakati ule zilikuwa na nguvu zake. Tunachosema ni kwamba mali ya umma inayoendeshwa kwa amri za kibwanyenye humnyima mlinzi wake wa kwanza, yaani mfanyakazi, sababu ya kuiona kuwa yake. Basi kila anayeongoza shirika la umma, kabla ya kuhesabu watoro, hana budi kwanza kuuchunguza mpango wa kazi, tena auchunguze pamoja na wale wanaoifanya.