NI NANI ANAYEKUKINGA UPEPO?

Unaukumbuka mwaka wa 2019? Oktoba 12, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hapa Eldoret tulishangilia barabarani. Hadi Desemba kila mtu alikuwa na ushauri: amka alfajiri, andika malengo, jiambie mwanadamu hana mipaka.

Lakini wengi walibeba maneno, wakaacha kazi. Kambini Kaptagat, bingwa huyo alisafisha choo zamu yake ilipofika, na kila zoezi aliliandika daftarini, mazoea aliyoanza mwaka 2003. Tena Vienna hakukimbia peke yake. Wanariadha 41 waliandaliwa kupokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Ni sababu mojawapo muda ule haukuwa rekodi rasmi ya dunia.

Mpendwa, Januari ulijipangia mengi ukiwa peke yako, na kufikia Machi ulikuwa umechoka. Kabla hujanunua daftari la mwaka mpya, jiulize: nani anakukinga upepo? Nawe unamkinga nani? Mpigie simu leo.

Soma Mhubiri 4:9-12. Ubarikiwe.