Tiba ya Umeme na Maradhi ya Huzuni katika Afrika ya Mashariki

Igowole ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, katika nchi ya Wahehe. Serikali ya Tanganyika ilipofungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, mgonjwa wa sehemu hizo aliyepelekwa huko alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 300. Waliopelekwa katika hospitali za namna hiyo zama za ukoloni walikuwa hasa wale waliosumbua watu: aliyepiga jirani, aliyechoma nyumba, aliyekwenda uchi njiani. Yule aliyenyamaza, akaacha chakula, akalala ameelekea ukutani, alibaki kwa nduguze. Tofauti hiyo ilizaa kosa kubwa katika elimu ya utabibu.

Kosa lenyewe laonekana wazi katika maandishi ya Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950. Aliwahesabu wagonjwa walioletwa, akaona wenye huzuni kuu ni wachache, akasema kwamba maradhi hayo, yaitwayo siku hizi sonona, ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1951 alitafuta sababu katika ubongo: alidai kuwa Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa nyuzi ziunganishazo sehemu hiyo na nyingine. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake. Hivyo dhana isiyochunguzwa ilivaa joho la elimu.

Hata wachunguzi waliotoka hospitalini wakaenda vijijini hawakuiona huzuni mara moja. Mwaka 1961 na 1962 Mmarekani Robert Edgerton aliwauliza Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei maoni yao juu ya wazimu. Wapokoti na Wasebei walitaja mdudu akaaye ndani ya ubongo. Wahehe na Wakamba walitaja zaidi uchawi. Lakini swali lilikuwa la wazimu, na wazimu kwa watu wengi ni jambo la kelele na la kutangatanga; mwenye huzuni ya kimya hakuingia katika jibu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda. Waliwauliza watu majumbani mwao, wakakuta sonona nyingi kuliko ile ya mtaa mmoja wa London. Maradhi yalikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mwulizaji.

Tiba ya umeme nayo ilizaliwa katika miaka ile ile ya Carothers. Mwaka 1934 Ladislas Meduna wa Budapest alianza kuwatia wagonjwa kifafa kwa dawa. Mwezi wa Aprili 1938 Ugo Cerletti na Lucio Bini wa Roma wakatumia umeme badala yake. Baadaye ilidhihirika kwamba wanaofaidika zaidi ni wenye sonona kali, yaani wale wale walioambiwa ni nadra Afrika. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kulegezwa misuli kwanza, na tiba hurudiwa mara 6 hadi 12 kwa kawaida. Pasipo usingizi huo tiba huwa ya kutisha na huweza kuvunja mifupa, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitaka namna hiyo ikomeshwe. Hata ikifanywa vema, huweza kupoteza baadhi ya kumbukumbu.

Jinsi umeme uponyavyo haijajulikana kikamilifu. Mwaka 2012 wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, waliwapiga wagonjwa 9 picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, wakaona kwamba mawasiliano ya sehemu ya mbele, upande wa kushoto, yalipungua baada ya tiba, na huzuni ikapungua pamoja nayo. Mwaka 2015 wenzao wa Uholanzi walichunguza wagonjwa 45, wakaonyesha kwamba picha zilizopigwa kabla ya tiba zaweza kusaidia kubashiri nani atapona. Idadi ya watu hao ni ndogo, wala matokeo hayo hayatoshi kumwamulia mgonjwa.

Basi sehemu ile ile ya ubongo iliyotumiwa mwaka 1951 kumdunisha Mwafrika imekuwa mlango wa kutafutia uponyaji wa binadamu wote. Lakini ubashiri uliojengwa juu ya wagonjwa wa Aberdeen na Uholanzi peke yao utakuwa na upungufu ule ule wa hesabu ya Mathari: utawajua walioletwa mbele ya mashine, na kumsahau aliyelala kimya katika nyumba ya Igowole. Mashine ya picha yaweza kuchelewa kufika huko. Kumwuliza mtu hali ya moyo wake hakuhitaji mashine, na ndiyo kazi iliyokosekana tangu mwanzo.