Nyundo ya Fundi wa Bodi, Ndeeba

Nyundo hii na kipande cha chuma kilicho kando yake ni vifaa vya fundi wa bodi za magari wa Ndeeba, hapa Lubaga. Fundi hushikilia chuma nyuma ya bati lililobonyea, hugonga kwa mbele, kisha hupitisha kiganja taratibu. Kiganja huhisi kibonyeo ambacho jicho halikioni.

Magari ya kwanza duniani yaliundwa hivyohivyo, kwa mikono: mafundi wachache wakilizunguka gari moja hadi likamilike. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford cha Highland Park, Marekani, kiligeuza mambo. Gari likawa ndilo linalosogea, mfanyakazi akabaki mahali pake akifunga kifaa kilekile kutwa nzima. Chasisi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikaunganishwa kwa dakika 93. Mwaka 1961, huko New Jersey, roboti ikaanza kunyanyua vyuma vya moto katika kiwanda cha General Motors.

Afrika Mashariki ilipita njia yake. Tangu miaka ya 1970, Thika na Mombasa huunganisha magari yanayofika vipandevipande ndani ya makasha.

Uganda ilianzia chuoni. Mwaka 2011 Makerere ilitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi la viti 35 linalosaidiwa na jua. Leo kiwanda cha Kiira Motors, kampuni iliyozaliwa na mradi huo, kiko Jinja.

Nyundo imehifadhiwa kwa heshima ya mikono ya Ndeeba. Tazama mpini: umelika pale kidole gumba kinapokaa.